Wageni Walipoomba Ngoma

Jumamosi jioni kwaya walikoka moto wa mabua nyuma ya kanisa hapa Nkuhungu, Dodoma, wakaegemeza ngoma zao za muheme, zile za akina mama wa Kigogo, ngozi zipate joto. Upepo ukaleta ile harufu mpaka barazani kwangu. Ngozi ikipata moto hunuka katikati ya nyama choma na kiatu kipya. Binti yangu akafunga dirisha, mimi nikatoka nje.

Harufu ile ikanirudisha kijijini, kwa babu. Mwinjilisti, koti la kaki, baiskeli ya Phoenix. Kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata bibi mbele za watu.

Mwaka 1989, baada ya mavuno, walikuja wageni kutoka Australia. Kanisa lao huko lilikuwa limechanga fedha za mabati yetu, maana bado tulisali kwenye tembe la udongo, na masika ibada nzima ilisogea upande usiovuja. Wakachinjiwa mbuzi. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa amejifunza "Mbukwenyi!" na akamsalimia kila mtu, mpaka na mbuzi. Mchungaji akatoa hotuba. Akaanzia Mpwapwa, wamisionari Waanglikana wa CMS walipofika mwaka 1876, akapita Mvumi 1900, akatua kwa Askofu George Chambers aliyetoka Australia kuja kuianzisha Dayosisi ya Central Tanganyika mwaka 1927, huku wali unapoa. Kwaya ikaimba kwa sauti nne, vitabu mkononi, macho kwa mwalimu wa kwaya. Wageni wakapiga makofi ya adabu.

Kati yao alikuwamo mama mmoja mzee aliyewahi kuwa nesi wa misheni enzi za ujana wake. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Akauliza, "Ngoma hamna? Ngoma ya akina mama?"

Watu wote wakamtazama babu.

Katika mtaa wetu ngoma ilikuwa imekatazwa. Mwanamke akisikika amepiga muheme harusini anaitwa mbele ya wazee, na Meza ya Bwana haigusi mpaka atubu. Wazungu hawakuwapo kwenye vikao hivyo. Mwenye kuita alikuwa babu. Na bibi, kabla hajaolewa na Mwalimu, ndiye aliyekuwa anafuatwa na vijiji jirani akawapigie.

Babu akapangusa miwani yake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Muulizeni mwenye nayo."

Mwenye nayo alikuwa jirani yetu, mama ambaye hajawahi kukanyaga kanisani. Vijana wakakimbia. Akaja mwenyewe nyuma ya ngoma zake, hataki zibebwe ovyo, akawasha mabua pale pale uwanjani pa kanisa na kuanza kuziotesha moto. Akawa anazigongagonga kwa vidole, anasikiliza, anairudisha moja, anaitoa nyingine. Wageni wakadhani shughuli imeshaanza, wakapiga picha.

Bibi alikuwa amekaa na Umoja wa Mama, sare yake imenyooshwa. Sikumwona akisimama. Nilichokiona ni viatu vyake viwili vimewekwa sawasawa kando ya mkeka, soksi zimekunjwa ndani. Alijifunga kanga ya pili juu ya sare, akaipokea ngoma ndefu, akaibana mapajani, ikainama mbele kidogo. Akapiga pigo moja kwa kiganja, akasubiri. La pili. Jirani akamjibu. Halafu mikono ya bibi yangu, ile iliyokuwa inatukuna mgongoni na kupepeta uwele, ikaanza kwenda kasi ambayo sikujua anayo. Mabega yakaingia. Wenzake wa Umoja wa Mama wakatazamana, kisha wakaondoka kwenye mkeka mmoja mmoja.

Yule nesi akasogea kwa babu, machozi yanamtoka. "Mwalimu, mbona hamfanyi hivi Jumapili?"

"Tulijua hamtaki, mama."

"Nani alisema?"

Babu akafungua kinywa, akakifunga. "Walikuwa kabla yako," akasema hatimaye. Mama akataka kuuliza tena, lakini mchungaji akawa ameshafika na soda.

Nimeligeuza jibu lile mara nyingi. Huenda kweli kuna mmisionari aliyesema. Huenda alisema pombe, maana ngoma na pombe vilikwenda pamoja, na walimu wetu wenyewe wakafagia vyote kwa ufagio mmoja wawe na hakika. Babu alifundishwa na Mgogo mwenzake, naye huyo na mwingine, na wote walikuwa wameshalala makaburini. Sijui ningekuwa mimi ningefanya nini, nimemnyima mke wangu kitu kwa miaka yote ile, halafu wale niliodhani wamekikataza wanakuja kukiomba na kamera shingoni.

Mabati yalifika. Muheme nayo iliingia kanisani baada ya miaka michache, kwa baraka za kikao, na babu akiwa katibu. Ngoma zikaendelea kuazimwa kwa yule jirani. Wazee walipomfuata kuzungumzia ubatizo aliwaambia, "Ngoma zangu zimeshaokoka, zinatosha kwa nyumba moja."

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza bibi kama babu aliwahi kumwomba radhi. Tulikuwa tunachambua karanga. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Radhi? Usiku ule alikula kimya, akamaliza, akaniuliza kama mlenda umebaki."

"Ulikuwa umebaki?"

"Ulikuwepo. Nikamwambia umekwisha."