Ekzosi yangu ilichomelewa mara nne, na bado ilivuja

Corolla yangu ni ya mwaka 1998, kwa hiyo ilipoanza kunguruma kama mashine ya kusaga sikushangaa. Nilikuwa natoka Nkuhungu, hapa Dodoma, alfajiri kwenda Kongwa. Injini ikiwa ya baridi ilipiga tap-tap-tap, ikishapata moto mlio unapungua. Nikajidanganya kwamba imepona.

Kijana mmoja wa kando ya barabara alilala chini ya gari akanionyesha masizi meusi pale bomba linaloshuka kutoka kwenye injini linapokutana na bomba la kwenda nyuma. "Bosi, hapa tunachomelea tu, dakika ishirini." Akang'oa bolti mbili zenye springi, akasema zimeshakufa, akazungushia moto maungio yote. Shilingi elfu kumi. Gari likawa kimya, nami nikamsifu kwa majirani.

Wiki tatu baadaye likapasuka tena, safari hii kidole kimoja juu ya pale palipochomelewa. Tukachomelea. Likapasuka chini yake. Tukachomelea na kubandika kipande cha bati. Fundi mwingine, aliyechomelea mara ya nne, akalaumu rasta za barabara ya Morogoro, vile vituta vidogo vya kupunguza mwendo, nami nikakubali, maana nani hazilaumu rasta?

Kilichonizindua ni mwanangu. Tulikuwa tunarudi kutoka Kibaigwa, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, akaanza kulalamika kichwa kinamuuma. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ufa wangu ulikuwa mbele, karibu kabisa na miguu yetu. Nilisimamisha gari nikafungua vioo vyote. Tulifika nyumbani wekundu kwa vumbi kama tumetoka kufyatua matofali.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja Chang'ombe ambaye dereva wa bodaboda alinielekeza. Hakushika hata spana. Aliniambia niliache gari hapo hadi asubuhi, kwa kuwa anataka kulisikia likiwa baridi. Asubuhi aliliwasha, akaziba kwa muda mfupi tu mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, huku akipaka maji ya sabuni kwenye maungio kwa brashi. Mapovu yakatoka sehemu mbili, moja ambayo sikuwahi kuijua.

Halafu akafungua boneti. "Mwanangu, kanyaga breki usiachie, weka D, gusa mafuta kidogo." Nikagusa. Akaniita nije nitazame huku yeye akifanya vilevile. Injini ilikuwa inaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba! Maunti ya mbele, yaani kile kishikio chenye mpira kinachofunga injini kwenye bodi, mpira wake ulikuwa umechanika kabisa, na ya nyuma ilikuwa njiani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye gari hili injini imelala kiupande, kwa hiyo ukikanyaga mafuta inajipinda mbele na nyuma. Bomba la nyuma nalo limening'inia kwenye bodi, halitaki kwenda nayo. Katikati lazima kuwe na kitu cha kulegea, na kitu hicho kilikuwa yale maungio: gasketi ya duara na bolti mbili zenye springi, ili bomba licheze bila kuvujisha. Tulipolichomelea tulilifunga mkono. Chuma kikatafuta pengine pa kukatikia, yaani kando ya welding, ambapo moto ulikuwa umeshakidhoofisha.

Bomba langu halikufaa tena, nikanunua used yenye maungio mazima. Gasketi na bolti za springi tulinunua mpya, maunti zote mbili pia. Mzee alikuta mpira mmoja wa kuning'iniza ekzosi umebadilishwa kwa waya, akaukata bila kusema neno. Stadi moja ya juu, ile bolti isiyo na kichwa, ilikuwa na kutu, akaimwagia mafuta ya kupenya na kuiacha ilale nayo. Angeilazimisha siku hiyo ingekatikia ndani. Bolti za springi alizikaza mpaka zikagota kwenye bega la bolti yenyewe, akaacha. Nilipomwambia aongeze kidogo alinitazama vibaya.

Jumla, pamoja na ufundi, ilikuwa 190,000. Welding zote nne zilikuwa zimenigharimu 50,000, na ndiyo maana nilikuwa nazipenda.

Nimeshaenda Kongwa na kurudi kila wiki tangu Machi. Kila baada ya wiki mbili, kabla ya kuwasha, napita na tochi kutafuta masizi. Hakuna. Ila sasa kwa kuwa ekzosi imenyamaza, nasikia feni belti inalia kila asubuhi, na mke wangu anadai ilikuwa inalia siku zote.