Ukumbi Ulicheka, Mimi Nikabaki na Wasenegali

Jumamosi usiku nilitoka zamu nikaenda kwenye ukumbi mdogo wa sinema hapa Houston, unaorudia filamu za zamani. Niliongozana na mama mmoja tunayefanya naye kazi, mzaliwa wa New Orleans, aliyekimbilia huku mwaka 2005 baada ya kimbunga Katrina. Usiku huo walionyesha Bad Lieutenant: Port of Call New Orleans ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Werner Herzog. Nicolas Cage ni polisi aliyeumia mgongo akimwokoa mahabusu asizame na maji ya mafuriko. Anaanza na dawa za maumivu, anahamia kwenye kokeini, anapora vijana usiku, anashirikiana na wauza unga, na bado anapandishwa cheo.

Watu walicheka mno. Vijana wa nyuma yetu walikuwa wakipiga makofi.

Kuna mahali polisi huyo anatokea nyuma ya mlango akijinyoa ndevu kwa mashine, macho mekundu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Anamtaka mlezi wa bibi kizee mmoja aseme mjukuu wa mlezi huyo, aliyeshuhudia mauaji, yuko wapi. Mlezi anasita, polisi anamchomoa yule bibi mpira wa oksijeni. Mimi riziki yangu ni kulea wazee. Mpira kama ule nauweka puani mwa mtu kila siku, na najua midomo inavyobadilika rangi hewa ikipungua. Kicheko hakikukatika. Nilitazama sakafuni mpaka tukio likapita.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kesi yenyewe. Waliouawa ni familia ya wahamiaji kutoka Senegal, watu watano, wasio na vibali, ndani ya nyumba yao. Mtoto ameacha shairi alilomwandikia samaki wake, na samaki mwenyewe yumo kwenye glasi ya maji. Filamu inasimama hapo kidogo tu, kisha inamfuata polisi na vituko vyake, na watazamaji wanamfuata naye. Mimi sikuweza. Nilikuwa nawaza nani atapiga simu Senegal, nani atachangisha nauli ya majeneza matano, na jirani gani atajua hata majina yao. Anayeishi ugenini bila karatasi anaielewa hofu hiyo bila kuelezwa.

Mwenzangu naye alicheka, tena kwa sauti, na nakiri kwamba iliniuma. Nikamuuliza tulipofika kwenye maegesho. Akaniambia mwanzo hakucheka kabisa, na ni kweli, nilimwona. Wafungwa wa jela ya Orleans Parish, huko New Orleans, waliachwa kweli ndani ya seli maji yakipanda, hilo halikutungwa. Halafu akanisimulia habari ya daraja la Danziger, la huko huko New Orleans. Tarehe 4 Septemba 2005 polisi waliwafyatulia risasi raia wasio na silaha, wakaua wawili na kujeruhi wanne, kisha wakatunga ushahidi. Filamu hii ilipotoka, hakuna polisi hata mmoja aliyekuwa amehukumiwa. Watano walitiwa hatiani mwaka 2011, hukumu zikafutwa 2013, na mwaka 2016 wakakiri makosa kwa vifungo vifupi zaidi. Alisema miaka yote hiyo aliwaona polisi wa namna ile wakiwa wamevaa suti mahakamani, wametulia. Kwenye filamu, kwa mara ya kwanza, alimwona mmoja akionekana mwendawazimu kama alivyo. Ndiyo maana alicheka.

Nilimwelewa. Vijana wa nyuma yetu bado siwaelewi. Walikuwa wakitoka huku wakibishana kwamba mwisho ni mwepesi mno, kesi zote zinajimaliza zenyewe na mhalifu anavishwa cheo. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipokuwa na ukweli kuliko kwingine kote.

Mwishoni kabisa polisi ameketi na yule mahabusu aliyemtoa majini, nyuma yao kuna ukuta wa kioo wenye samaki wakubwa, naye anauliza kama samaki huota ndoto. Watu walicheka tena. Tulipokuwa garini nilimuuliza mama yule kama alilikumbuka shairi la mtoto. Akanyamaza kidogo, akasema hakulisikia vizuri, kulikuwa na kelele. Nikamsimulia lote kadiri nilivyolikumbuka.