Kashata iliyozamisha manowari

"Mama, hii inahesabika?"

Dadu ya ludo imeegemea kisahani, haijalala vizuri. Mkubwa anasema ni sita, mdogo anasema ni mbili, na wote wananikodolea macho mimi kama hakimu. Nikasema rusheni tena, nikarudi zangu jikoni, nikajikuta namcheka marehemu mjomba.

Mjomba huyo alikuwa mtu wa matishari, yale mashua ya kubebea shehena za meli. Likizo ile alitoka bandarini na kijitabu cha Kiingereza alichopewa na baharia mmoja: mchezo wa vita vya manowari. Tukakata meli za boksi, mkeka wa bibi pale barazani Ngamiani, Tanga, ukawa bahari, mwendo tukaupima kwa rula ya shule. Dadu tuliazima kwa jirani. Wiki nzima tulipigana kwa mizinga bila neno. Balaa likaja na topido, yale makombora yanayokwenda ndani ya maji.

Kitabu, kwa tafsiri ya mjomba, kilisema hivi: meli inayofuatwa na topido inaruhusiwa kugeuka, rusha dadu, ukipata 5 au 6 umekwepa. Basi, hakuna zaidi. Naye alishanifyatulia nne kwa mkupuo, na tatu zilitosha kuizamisha manowari yangu. Sasa narusha mara moja kwa zote, au kila topido na dadu yake?

"Mara moja," nikasema. "Meli ina usukani mmoja, mjomba."

"Na topido je, zimefungwa kamba? Zinatawanyika kama vidole hivi. Unaikwepa hii, unajipeleka kwa mwenzie."

Akaniletea habari za vita vya baharini vya Jutland, 31 Mei 1916, amiri Jellicoe wa Uingereza alipoziona boti za topido za Wajerumani zinamjia, akazigeuza meli zake kubwa, zikazipa tezi, yaani nyuma. Topido za enzi hizo zilikwenda kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, zikiacha mstari wa mapovu juu ya maji, kwa hiyo mlinzi mwenye macho aliweza kuziona zikija. Na meli iliyokupa omo, yaani mbele, au tezi ni nyembamba, si kama iliyokupa ubavu. Ukizikimbia, huenda zikaishiwa pumzi kabla hazijakufikia. Shambulio lile halikumpata Jellicoe hata meli moja, ila Wajerumani nao wakapata mwanya wa kutoweka, na Waingereza wakabishana miaka na miaka: ile ilikuwa busara au woga?

"Kwa hiyo yeye aligeuka, zote zikamkosa," nikasema. "Si ndiyo hayo hayo ninayosema?"

Mjomba akaguna. Bibi, aliyekuwa anachambua mchele bila kututazama, akasema mwacheni mtoto. Haya, mara moja.

Nikaipuliza dadu, nikarusha. Ikaruka juu ya mkunjo wa mkeka, ikazunguka kwa kona yake moja, ikaenda kuegemea kashata ya mjomba, pale kwenye kipande cha gazeti kando ya kikombe cha kahawa. Ikatulia pale, imeinama. Ukiitazama kutoka kwangu, ni 5. Kutoka kwake, 3. Nakumbuka hata chenga za karanga zilizogandia pembeni ya ile kashata. Hakuna aliyepumua.

Mjomba hakubisha. Alinyoosha mkono taratibu, akaichukua kashata yake, akaitia mdomoni.

Dadu ikalala. Tatu.

Nililia, sioni haya kusema. Siku mbili sikumwamkia, nikachapwa kwa hilo, na mchezo ukaishia pale.

Miaka baadaye, nikiwa nangoja basi stendi, nilipiga hesabu nyuma ya tiketi. Kwa dadu moja nafasi yangu ya kupona ilikuwa 27 katika 81. Kwa njia ya mjomba, ya kila topido na dadu yake, nilihitaji kukwepa mbili tu kati ya nne: 33 katika 81. Yaani nilipigania kwa machozi sheria iliyokuwa inaniumiza. Sijui kama yeye alilijua hilo aliponikubalia. Wala sijui kama kashata ile aliila kwa makusudi. Mtu mwenyewe alikuwa mlevi wa kashata, hilo mtaa mzima ulijua.

Huko sebuleni wamerusha tena. Imetoka moja. Sasa wamenuna wote wawili, na mbaya wao ni mimi.