Kwenye tanuru la Abraham Darby

Nilishuka treni Telford, Uingereza, asubuhi ya manyunyu, nikapanda basi hadi Coalbrookdale, bonde jembamba lenye miti mingi karibu na mto Severn. Nimelelewa katika Kanisa la Marafiki (Quaker), Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na tangu nijue kwamba Abraham Darby, mfua chuma wa zamani, naye alikuwa Quaker, nilitamani kufika alipofanyia kazi.

Tanuru lake la kuyeyushia chuma limejengewa paa la kulikinga na mvua. Juu ya mdomo wake kuna boriti ya chuma yenye jina Abraham Darby na mwaka 1777. Nikadhani ni yeye. Kumbe ni mjukuu! Baba, mwana na mjukuu, wote Abraham.

Abraham wa kwanza, yule babu, alizaliwa 1678 karibu na Dudley, akajifunza kazi Birmingham kwa mtengenezaji wa vinu vya kimea. Mwaka 1707, akiwa Bristol, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, ya kusubu vyungu vya chuma: kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu za mchanga. Makumbusho yanacho chungu cha namna hiyo: tumbo limevimba, na miguu mitatu imeshika nafasi ya mafiga. Nilikitazama kwa muda mrefu. Mtu wa kipato kidogo aliweza kukinunua, na kwangu hilo ni kubwa kuliko daraja lolote la chuma.

Mwaka 1709, hapa bondeni, aliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa ili yatoe salfa, maana salfa hufanya chuma kivunjike ovyo. Kabla yake matanuru yalikula mkaa wa miti, msitu baada ya msitu.

Alifariki 1717, hajafika miaka 40. Mkewe Mary akamfuata miezi michache baadaye. Mwana wao Abraham hakuwa ametimiza hata miaka sita, kwa hiyo kazi ikashikwa na mkwe, Richard Ford, pamoja na wabia. Mtoto yule alikua, akaiendeleza, akamwoa Abiah, mwanamke mhubiri. Niliposoma habari za Abiah nilimkumbuka nyanya yangu, aliyekuwa akisimama kanisani kuhubiri bila kumwogopa mtu.

Mjukuu naye alifiwa na baba kabla ya kutimiza miaka 13. Ndiye aliyesubu lile daraja maarufu la chuma linalovuka mto Severn, tani 378 hivi, lililofunguliwa 1781. Nilitembea hadi pale, nikapitisha kidole kwenye maungio: yameundwa kama ya seremala, ulimi ndani ya tundu, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyewahi kuunga chuma kikubwa namna hiyo. Gharama zilimzidi. Aliishi na madeni hadi kifo chake mwaka 1789, akiwa na miaka 38. Naye hakufika 40.

Jioni nilipanda hadi makaburi ya Marafiki. Mawe ni madogo, hayana pambo. Nilikaa kimya dakika kadhaa, kama walivyozoea wao katika ibada. Kisha nikaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini, kama tulivyozoea sisi Kaimosi.