Mkoromo wa Baba Salma na kile kifaa cha mdomoni

Mume wangu hukoroma, na kwa miaka 16 ya ndoa yetu jambo hilo lilikuwa mzaha wa nyumbani. Watoto walisema baba yao anasaga mahindi usiku, nami nilicheka pamoja nao asubuhi, ingawa niliyelala kando ya mashine hiyo ya kusaga nilikuwa mimi. Mzaha ulikwisha mwaka jana, nilipoanza kwenda kazini na usingizi wa mang'amung'amu, nikawa nakosea hesabu ambazo zamani nilizifanya nikiwa nazungumza na mteja.

Nilijaribu mengi kabla ya kufikiria vifaa. Nililala mzungu wa nne, nikagundua kwamba sauti hufika miguuni bila kupungua na kwamba, juu ya hayo, sasa nina visigino vya mtu usoni. Nilishona mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana yake ya kulalia ili asilale chali, kwa sababu mtu akilala chali ulimi na kaakaa laini huteremkia nyuma na kuibana njia ya hewa, na ile hewa inayopenya kwa shida ndiyo inayozitikisa nyama za koo hadi zikatoa sauti. Mpira ulisaidia kwa siku chache, mpaka alipojifunza kuvua fulana akiwa usingizini. Hatimaye nilinunua chandarua cha pili nikahamia chumba cha watoto.

Hapa kwetu Tanga mke kuhama kitanda ni habari inayosafiri haraka. Shangazi yake mume wangu alikuja kunisikiliza, akidhani tumegombana, na nilipomweleza sababu alicheka kwanza, kisha akasema kwa uhakika wote kwamba kosa ni la wazazi, ambao hawakumpeleka mtoto akakatwe kimeo alipokuwa mdogo. Sikubishana naye kwa heshima, lakini naandika hapa ili mwingine asidanganyike: kukata kimeo mtaani kumewatoa watoto damu nyingi na kuwaachia maambukizi, na si tiba ya mkoromo.

Ndipo nilipoanza kuvitazama vile vifaa vya mdomoni vinavyotangazwa mitandaoni. Vipo vya aina mbili kuu. Kimoja huushika ulimi kwa mbele, mfano wa chuchu ya mtoto iliyogeuzwa, usirudi nyuma. Kingine, ambacho ndicho cha kawaida zaidi, huvaliwa kwenye meno ya juu na ya chini na kulisukuma taya la chini mbele kidogo, nao ulimi, kwa kuwa umeshikamana na taya hilo, husogea pamoja nalo na kuiacha njia ya hewa wazi. Vya bei nafuu hutumbukizwa katika maji ya moto vikalainika, kisha mtu hung'ata ili vichukue umbo la meno yake. Nilikuwa nimekwisha kuchagua kimoja, na fedha ilikuwa tayari kwenye simu.

Kilichonizuia ni usiku mmoja ambao feni ilikuwa imezimwa, nami nikiwa nimerudi chumbani kwetu kwa ajili ya wageni. Sikuweza kulala, basi nikawa nausikiliza mkoromo wenyewe badala ya kuuchukia, na nikatambua kwamba kila baada ya muda ulikuwa ukikatika kabisa. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka lakini hewa haikupita. Nilihesabu hadi 14, mara nyingine hadi 20, kabla hajashtuka kwa mguno mkubwa na kuanza upya. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiushukuru ukimya huo.

Pumzi kukatika usingizini kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena, ni maradhi yenye jina na vipimo vyake, na kifaa kilichonunuliwa kwa kubahatisha kinaweza kuiondoa sauti kikaliacha tatizo lenyewe bila mtu kujua. Daktari wa masikio, pua na koo alimpima Baba Salma shinikizo la damu na unene wa shingo, akamkagua pua, kisha akamuuliza maswali 8 ya kipimo cha Epworth, kilichotungwa na Dkt. Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991: je, husinzia akisoma, akitazama televisheni, akiwa abiria, akiwa kwenye gari lililosimama kwa muda katika foleni? Kila swali lina alama 0 hadi 3, na anayepita 10 ana usingizi wa mchana kupita kiasi. Yeye alipata 13. Mtu huyu huendesha gari la mizigo kwenda Korogwe mara tatu kwa wiki, na mpaka siku ile hakuwa amenieleza kwamba huwa anasimama Muheza kunawa uso.

Tulisafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kipimo cha usingizi. Alilala akiwa amefungwa mkanda kifuani, mrija mwembamba puani na kibanio kidoleni cha kusoma oksijeni, akilalamika kwamba hakuna binadamu anayeweza kulala hivyo, kisha akalala fofofo. Pumzi zilikatika au kupungua mara 11 kwa saa. Kati ya 5 na 15 huhesabiwa kuwa hali ndogo. Kuanzia 15 hadi 30 ni ya wastani, na zaidi ya 30 ni kali. Walio katika hali kali kwa kawaida hupewa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku kucha, ile ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza mwaka 1981, na nakiri kwamba nilipumua niliposikia hatuihitaji kwa sasa, maana nilikuwa nikiwaza umeme unavyokatika mtaani kwetu. Kwa hali yake daktari alishauri apunguze uzito, aache bia za jioni kwa sababu pombe huilegeza misuli ya koo, na avae kifaa cha mdomoni, lakini kilichotengenezwa na daktari wa meno.

Hapo nilijifunza kwamba kifaa hiki hakimfai kila mtu. Hujishikiza kwenye meno, hivyo mwenye meno machache, meno yanayolegea, fizi zinazouma au kiungo cha taya chenye maumivu hawezi kukivaa hivi hivi. Baba Salma alikuwa na ugaga wa miaka na fizi zinazotoa damu. Alisafishwa na kutibiwa kwanza, tukasubiri wiki kadhaa, ndipo zikachukuliwa chapa za meno yake. Gharama ilikuwa mara nyingi zaidi ya kile cha kuchemsha, na tuliilipa kwa awamu. Tofauti ni kwamba hiki kina skrubu ndogo, na taya husogezwa mbele kidogo kidogo kila baada ya siku kadhaa, badala ya kuvutwa kwa mkupuo.

Sasa ni wiki ya sita. Mate yalimsumbua mwanzoni, mto ukawa unalowa, na hilo limepungua. Mkoromo haujaisha, umekuwa pumzi nzito ambayo feni inaifunika, nami nimerudi kitandani kwangu. Akikamilisha kurekebishiwa atapimwa tena, kwa sababu daktari amekataa kuniamini mimi na masikio yangu. Zipo siku anazosema amesahau kukivaa, na usahaulifu huo huusikia nyumba nzima.

Kinachomkera zaidi ni asubuhi. Akikivua, meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa kwa karibu nusu saa, na daktari ameagiza atafune polepole mpaka taya lirudi mahali pake. Muhogo wa kuchemsha umemshinda saa hiyo. Tumekubaliana kwamba chai isogezwe mbele kidogo, naye, akingoja, hukisugua kifaa chake kwa mswaki wa zamani na kukitia kwenye kopo ambalo watoto wamekatazwa kuligusa.