Filamu ikionekana kama tamthilia, zima ulainishaji wa mwendo

Filamu nyingi hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, kila fremu ikipokea mwanga kwa takriban 1/48 ya sekunde. Ule ukungu mdogo mkono unapopita haraka ndio unaoipa filamu sura yake. TV nyingi mpya huuvuruga: hubuni fremu za katikati ili mwendo uteleze (ndio ulainishaji wa mwendo), na picha inageuka kama tamthilia ya studio. Mtu akipita mbele ya uzio, kingo za mwili wake hutetemeka kwa sababu TV imekisia vibaya.

Zima kabisa! Ingia mipangilio ya picha: kwa LG tafuta TruMotion, kwa Sony Motionflow, au chagua Filmmaker Mode kama ipo. Skrini ya hezi 60, yaani inayoonyesha picha mara 60 kwa sekunde, bado inaweza kurukaruka kamera inapozunguka polepole, maana 60 haigawanyiki kwa 24: fremu moja huonyeshwa mara 3, inayofuata mara 2. Skrini ya hezi 120 huweza kurudia kila fremu mara 5 sawasawa.

Filamu ya The Hobbit ya 2012, iliyopigwa kwa fremu 48 kwa sekunde, ni suala jingine. Fremu zake zote ni halisi. Lakini kwa maoni yangu, mwendo laini hivyo unafaa zaidi mpira.