Nguo za Mtoto Ambaye Hajazaliwa

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitano. Kwa hiyo nilipobeba ya pili, mwaka 2017, sikununua hata soksi. Wapo wengi wanaoamini kwamba kumnunulia mtoto nguo kabla hajafika ni kumwitia mkosi, lakini mimi sikuwa nawaza mkosi. Niliogopa kubaki tena na vitu visivyo na mwenyewe. Nilikwenda kliniki, nilimeza vidonge vya damu, na usiku niliomba maombi mafupi ya woga: Bwana, huyu niachie.

Jumamosi moja ya Majilio, majuma yale ya kungoja Krismasi, mama mkwe alifika kwetu Kiwira, mkoani Mbeya, na mkungu wa ndizi. Hakuketi sana.

"Mwanangu, nguo za mtoto umeweka wapi?"

"Bado, mama. Nikijifungua salama tutanunua."

Akanitazama. "Kila siku unamwomba Mungu mtoto, halafu unajipanga kama mtu atakayenyimwa? Vaa viatu, twende sokoni."

Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu, na sokoni tulipita kwa kurukaruka madimbwi katikati ya magunia ya viazi. Kwenye mitumba, mama mkwe hakuwa na haraka. Kila nguo aliigeuza ndani nje, akavuta mishono, akainusa kama ina ukungu. Alichagua sweta la njano lenye vifungo vitatu, kimoja si cha seti yake. Muuzaji akauliza, "Wa kike au wa kiume?" Mama mkwe akajibu huku akihesabu hela, "Wa Bwana." Nililia pale pale, mbele ya watu.

Nyumbani alizifua mwenyewe. Nilitaka tuzianike ndani, karibu na jiko, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameshuka tena kutoka Mlima Rungwe. Akakataa. Alizitundika kwenye kamba ya uani, inayoonekana na kila apitaye njiani: vikofia, nepi, lile sweta. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko kununua. Maombi yangu yote yalikuwa ya sirini, na sasa kamba ilitangaza kwa majirani kwamba nyumba hii inamsubiri mtu. Mmoja alisimama akasema hongera. Nikaitikia, "Asante, tunamngoja," na sauti yangu haikutetemeka.

Jioni baba watoto alisoma neno la siku, kama tulivyozoea. Sisi Wakristo wa Kanisa la Moravian tuna kitabu cha neno la kila siku tangu 1731. Mistari ya Agano la Kale huchomolewa kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, miaka mitatu kabla ya mwaka wake. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, lakini jioni ile ndipo lilipoingia moyoni. Neno tulilolisoma lilikuwa limeshatengwa kabla sijabeba mimba yoyote, kabla sijazika chochote. Mama mkwe akaendelea na Zaburi ya 139, kwa kichwa: "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika, chuoni mwako ziliandikwa zote pia, siku zilizoamriwa kabla hazijawa bado." Niliwaza na yule wa kwanza. Siku zake zilikuwa chache, nazo ziliandikwa. Kwa mara ya kwanza niliweza kuwaombea wote wawili katika sala moja.

Majuma yaliyobaki bado niliogopa, hasa usiku mtoto akitulia muda mrefu. Lakini niliomba kwa maneno mengine: nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu ambaye sijamwona.

Alizaliwa hospitali ya Makandana kabla mwaka haujaisha, wa kiume, analia vizuri. Pasaka iliyofuata tulikwenda makaburini alfajiri na kanisa zima, kuimba habari za ufufuo kama ilivyo desturi yetu. Nilikuwa nimembeba mgongoni. Matarumbeta yalipoanza aliamka akapiga kelele mpaka wazee wakageuka, nami nikazidi kuimba.